Kuacha Sigara kwa Mpango

"Nitaacha sigara" ni azimio ambalo wavutaji wengi wamelitamka kwa nia njema kabisa. Upungufu wake ni kwamba halisemi lolote kuhusu saa nne asubuhi, wakati wa chai, mfanyakazi mwenzako anapokunyoshea pakiti. Nikotini huufikia ubongo kwa muda wa sekunde 10 hivi baada ya moshi kuvutwa, na ubongo wa mvutaji umekwisha kuzoea kuihusisha sigara na saa ile, mahali pale na hata kikombe kile. Mkono huitikia kabla ya fikra.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha, katika miaka ya 1990, kwamba watu hutimiza makusudio yao vyema zaidi wanapoamua mapema watafanya nini, lini na wapi. Mpango wa namna hiyo ni sentensi moja tu, na Kiswahili kina kiambishi "-ki-" kinachoufaa kabisa: "Mwenzangu akinipa sigara wakati wa chai, nitasema, 'Asante, nimeacha,' kisha nitakwenda kujaza chupa yangu maji." Sentensi kama "nikishikwa na hamu nitajizuia" haitoshi, kwa sababu haitaji tendo lolote. Hamu kali kwa kawaida hupungua baada ya dakika chache. Tendo ulilolichagua lina kazi ya kukuvusha dakika hizo.

Kwa siku mbili au tatu kabla ya tarehe uliyojiwekea, andika kila sigara unayovuta: saa, mahali, na uliyekuwa naye. Huenda ukagundua kwamba nyingi zinatokana na nyakati tatu au nne tu. Hizo ndizo za kutungia sentensi.

Kibanda unakonunua ni mojawapo. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini bado huuzwa hivyo, na mtindo huo humficha mnunuzi gharama halisi. Sigara 5 kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayolipa. Kisha andika: "Nikitoka kazini, nitapita njia isiyo na kibanda kile."

Mzazi anaweza kumsaidia kijana ambaye hajaanza kuvuta atunge sentensi yake ya kukataa, kwa maneno yake mwenyewe; ya mzazi hayatamkika mbele ya marafiki.

Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka huenda ana uraibu mzito, na asitegemee mpango peke yake. Amwone mhudumu wa afya na kuulizia ushauri pamoja na vibandiko au chingamu zenye nikotini. Na ukiteleza ukavuta moja, tazama ni wakati gani ambao hukuuandikia sentensi, uuandikie siku hiyo hiyo.