Tuwafunze Watoto Kusoma Hata Yasiyoandikwa

Jioni moja mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Nne, alinijia na kifungu cha ufahamu alichopewa shuleni. Kilihusu mvulana aitwaye Musa, ambaye baba yake alikuwa amemwahidi viatu vipya. Baba alirejea kutoka sokoni mikono mitupu. Musa akasema, "Hakuna neno, baba," kisha akatoka nje kuchanja kuni, ingawa kuni zilikuwa tele jikoni.

Mtoto aliyajibu maswali yote matano barabara. Baba alitoka wapi? Sokoni. Alikuwa ameahidi nini? Viatu. Lakini nilipomwuliza Musa alihisi vipi, alinijibu bila kusita: "Alifurahi, mjomba. Si amesema hakuna neno?"

Nilishikwa na bumbuazi. Alikuwa amepata alama zote, na hadithi yenyewe ikampita kando.

Kosa si lake. Tumewazoesha watoto wetu kuvua majibu. Mtoto hulichukua neno lililo katika swali, akalitafuta katika kifungu, kisha akainakili sentensi alimolikuta. Hebu msomaji ajaribu mwenyewe: "Kimbuzo aliufingia mlasu jana." Ni nani aliyeufingia mlasu? Bila shaka umejibu kuwa ni Kimbuzo, na umepata alama, ilhali sentensi hiyo nimeibuni tu na haina maana yoyote.

Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka wa 1985 hadi 2023, ulichangia kuyakuza mazoea hayo, kwani mtahiniwa alichagua jibu moja kati ya manne, wala hakutakiwa kueleza amelijuaje. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka wa 2015, ulifanya kazi ya kusifiwa ya kuwafikishia vitabu watoto wa madarasa ya chini. Hata hivyo, kipimo chake kimoja kikubwa kilikuwa idadi ya maneno ambayo mtoto aliyasoma sawasawa kwa dakika moja. Kusoma kwa kasi ni mlango. Kuelewa ndiko nyumba yenyewe.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, unataja upendo na heshima miongoni mwa maadili ya kukuzwa. Ni jambo jema. Lakini upendo haufundishwi kwa kuandikwa ubaoni. Mtoto atamheshimu vipi mwenzake ikiwa hatambui kwamba amemuumiza?

Dawa ninayoipendekeza haihitaji fedha. Kila hadithi isomwapo, mwalimu na aulize maswali matatu: Mhusika huyu anahisi nini? Umejuaje? Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Swali la pili ndilo nguzo, kwa maana humrudisha mtoto katika kifungu akautafute ushahidi. Bila hilo atabahatisha tu. Nilipomwuliza mpwa wangu kwa nini Musa alichanja kuni zisizohitajika, aliinamia karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Hakutaka baba yake amwone akilia."

Aidha, tuwape watoto msamiati. Wengi wao hujibu "furaha" au "huzuni" basi, ilhali Kiswahili kina haya, fedheha, wivu, kinyongo, majuto na wasiwasi. Mtoto asiyelijua jina la kinachomsumbua huenda akakieleza kwa ngumi.

Najua wapo walimu watakaouliza wataupata wapi wakati, nao wana wanafunzi sitini au zaidi katika chumba kimoja. Hoja yao ni nzito. Hata hivyo, wanafunzi wakikaa wawili wawili wanaweza kulijadili swali moja kwa dakika tano. Isitoshe, kifungu kimoja kilichoeleweka ni bora kuliko vitano vilivyopitiwa juu juu.

Nasi wazazi tusijivue lawama. Samaki hukunjwa angali mbichi, na jiko la kwanza la kumkunjia limo nyumbani. Ni nyumba ngapi zilizo na Musa wake, asemaye "hakuna neno" kisha akatoka nje polepole, nasi tukaridhika? Mwalimu atamfunza mtoto kuyasoma yaliyo nyuma ya maneno hayo kitabuni. Kuyasoma katika uso wa mtoto mwenyewe ni wajibu wetu.