Temeraire na Boti ya Mvuke Iliyoikokota

Mchoro wa rangi za mafuta wa J. M. W. Turner uitwao The Fighting Temeraire, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1839, unaonyesha manowari ya matanga iliyofifia kama kivuli, ikikokotwa na boti ndogo nyeusi inayotema moshi na cheche. Manowari hiyo yenye mizinga 98, iliyopigana katika vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805, iliuzwa mwaka 1838 kwa John Beatson, mvunjaji wa meli kuukuu, kwa pauni 5,530, ikavutwa kwa siku mbili katika Mto Thames, kutoka Sheerness hadi Rotherhithe, ili ikavunjwe na mbao zake kuuzwa.

Watazamaji wengi huihurumia manowari na kuichukia boti, ilhali boti ndiyo yenye mengi ya kufunza. Ndani ya boti za aina hiyo mlikuwa na boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji kwa moto wa makaa ya mawe. Mvuke ulipoingia katika silinda uliisukuma pistoni juu na chini, na fito za chuma zikaugeuza mwendo huo kuwa mzunguko wa magurudumu mawili ya makafi, moja kila ubavu. Kwa kuwa nguvu ilitoka tumboni mwa chombo chenyewe, nahodha hakungoja upepo, na katika mto wenye kona nyingi, ambamo chombo cha matanga kingeweza kukwama kwa siku kadhaa, uhuru huo ulishinda fahari ya mizinga yote.

Turner hakukusudia kuandika taarifa ya safari. Kwa kweli, boti zilizoikokota Temeraire zilikuwa mbili, milingoti yake ilikuwa imekwisha kung'olewa, na dohani, yaani bomba la moshi, ameiweka mbele ya mlingoti wa boti, kinyume cha desturi ya mafundi wa wakati ule, hata moshi ukarudi nyuma na kupita katikati ya milingoti ya manowari. Kwa kupotosha hayo, aliuonyesha wazi zaidi ukweli mkubwa kwamba zama za matanga zilikuwa zikimezwa na zama za mvuke.

Turner alikataa kuuza mchoro huo, akauachia taifa alipofariki mwaka 1851, na sasa umo katika Jumba la Taifa la Sanaa, London. Atakayefika huko na aanze kuitazama boti.