Tone la Maji Juu ya Jani la Mpunga

Msimu mmoja, katika shamba letu la mpunga wilayani Magu, si mbali na Ghuba ya Speke, nilijaza bomba la mgongoni dawa ya kuua viwavi wanaotoboa mabua, nikapuliza asubuhi nzima. Nilipogeuka kutazama nilikotoka, majani yalikuwa makavu kama sikupita. Baba mdogo, aliyekuwa ameketi juu ya tuta, akaniambia: "Mwanangu, umewanywesha kambare."

Alisema kweli. Dawa yenyewe ilikuwa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa samaki ni sumu kali hata ikiwa kidogo. Nayo ilikwisha kuteremka kwenye maji ya jaluba. Na jaluba likifurika, maji huingia mferejini, na mfereji huelekea ziwani.

Kosa lilianzia kwenye jani. Hebu chuma jani la mpunga, ulilaze kiganjani, udondoshee tone la maji. Tone halilowi, hukaa mviringo kama ushanga. Inamisha jani kidogo kuelekea ncha yake, tone litakimbia. Sasa liinamishe kiubavu: tone litasita. Watafiti wa China, akiwamo Lei Jiang, walipima jambo hili na kulitangaza mwaka 2002. Kwa urefu wa jani, mwinamo wa digrii 3 hadi 5 unatosha tone kuteleza. Kwa upana, zinatakiwa 9 hadi 15.

Sababu ni kwamba uso wa jani umejaa vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyopakwa nta. Tone hukaa juu ya vinundu hivyo huku chini yake mkiwa na hewa. Tena vimepangwa kwa mistari kutoka shinani hadi nchani. Tone likifuata mstari halina kizuizi kikubwa. Likitaka kuukata mstari, linanaswa ukingoni. Ni kama bati la migongo, ila bati hubeba maji ndani ya mifereji yake, na jani huyabeba juu juu. Mpunga wenyewe unafaidika, kwani mvua huoshea vumbi na kuteremkia shinani. Mwenye bomba ndiye anayepata hasara.

Sabuni hubadili mambo. Ile nguvu inayolikaza tone kama ngozi hupungua, tone likalegea na kuzama katikati ya vinundu. Hata hapo halitambai duara. Hufuata mistari ile ile, likawa refu kama uzi, na likikauka linaacha dawa juu ya jani.

Usikimbilie sabuni ya kufulia, maana ikizidi huunguza majani, na dawa nyingine zimekwisha kutiwa kitu cha kuzishikisha. Soma kibandiko cha chupa. Angalia na tundu la bomba pia: matone makubwa hugonga jani yakaruka, ilhali ukungu mwembamba hubaki.

Msimu uliofuata nilibadili tundu, nikachanganya kama kibandiko kilivyoagiza, nikafunga milango ya maji kabla ya kuanza. Baba mdogo alikuja, akainama kulitazama jani moja, kisha akayatazama maji ya jaluba kwa muda mrefu. Akaenda zake kwa ng'ombe bila kusema neno.