KUCHAGUA CHOMBO CHA MUZIKI CHA NYUMBANI

Leo tutazungumza habari za vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani, yaani redio, spika, amplifaya na sabufa. Somo hili linawahusu hasa ninyi mkaao Kasulu na Kibondo, katika nchi ya juu ya Mkoa wa Kigoma. Sababu zake mtaziona mbele.

Pengine mtu atauliza, "Je, muziki nao ni jambo la kufundishwa? Si mtu hununua redio tu akaiwasha?" Jibu ni hili: linalofundishwa hapa ni matumizi mazuri ya fedha. Baada ya kuuza maharage, mahindi au kahawa, mtu huingia dukani akatoka na katoni kubwa kichwani. Baada ya miezi michache sabufa imenyamaza pembeni, imefunikwa kitambaa, na fedha za msimu zimekwenda. Mara nyingine chombo chenyewe ni kizima, lakini kila jioni kinamaliza betri ya sola, na mtoto wa shule hana taa ya kusomea. Hapo muziki umegeuka kuwa hasara na ugomvi.

Kwa hiyo shika neno moja katika somo la leo: usinunue kwa kusoma katoni, wala kwa kelele za mlangoni mwa duka. Pima mambo matatu kwa utaratibu. La kwanza ni umeme ulio nao. La pili ni chumba chako. La tatu ni sikio lako mwenyewe. Ukimaliza hayo, ndipo uzungumze bei.

NAMBA ZA KATONI

Kabla ya kupima mambo hayo, yafaa tuondoe kwanza kitu kinachowapoteza wanunuzi wengi. Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme. Juu ya katoni utaona imeandikwa wati 3,000 au hata 5,000, na karibu yake herufi nne, P.M.P.O. Namba hiyo ni makisio ya kishindo cha kufumba na kufumbua tu, tena viwanda havifuati kanuni moja katika kuikisia. Namba yenye maana ni ile iliyo na herufi tatu, R.M.S. Hiyo ndiyo nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa mfululizo bila kuharibika.

Ukitaka kuhakikisha, geuza chombo nyuma. Utakuta kibandiko kinachoonyesha kiasi cha umeme ambacho chombo kinakula. Kama kinakula wati 40, hakiwezi kutoa wati 3,000 mfululizo. Ng'ombe anayekunywa ndoo moja ya maji hawezi kukupa mapipa ya maziwa. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hata wati za kweli ukiziongeza mara mbili, sauti haiongezeki mara mbili. Huongezeka desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu huhitaji kuongezwa kama mara kumi. Basi mtu anayeongeza fedha nyingi ili atoke wati 20 na kufika wati 40 hapati faida anayoitazamia. Kwa chumba cha kawaida cha kukaa, wati 10 mpaka 20 za kweli zatosha kabisa.

KWANZA, UMEME ULIO NAO

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa jenereta za dizeli. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulifika. Lakini si kila nyumba ya kijijini imeunganishwa, na familia nyingi hutegemea sola. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: chombo chako kitakula wapi?

Tuseme unayo betri ndogo ya sola ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha 12 kwa 7, utapata 84. Hizo ni wati-saa 84, ndizo akiba yote ya betri. Lakini betri ya risasi na tindikali haitaki kumalizwa. Ukiishusha kupita nusu kila siku, itakufa mapema. Basi akiba yako ya kutumia ni wati-saa 42.

Sasa toa haki ya mtoto kwanza. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 itakula wati-saa 20. Zimebaki 22. Ukiwasha sabufa inayokula wati 40, hizo 22 zitakwisha kwa muda wa nusu saa hivi. Lakini spika ndogo inayokula wati 5 itaimba zaidi ya saa 4 kwa akiba ile ile. Ni kweli kwamba kibandiko huonyesha kiasi cha juu, na chombo kikipigwa polepole hula pungufu. Hata hivyo fanya hesabu kwa kiasi cha juu, ili usije ukajuta. Kumbuka pia kwamba ukipitisha umeme katika inveta, inveta nayo hula fungu lake. Mwenye sola na atafute chombo kinachokubali volti 12 moja kwa moja, au kile kinachochajiwa kwa waya wa simu.

Wewe uliye na umeme wa gridi, usidhani hesabu yako imekwisha. Umeme ukikatika na kurudi ghafula, waweza kurudi kwa kishindo ukaunguza amplifaya. Nunua kifaa cha kulinda umeme, kile kinachosubiri kidogo mpaka umeme utulie. Na ninyi wa milimani mnajua radi za masika. Mawingu yakianza kunguruma, usizime kwa swichi peke yake. Chomoa waya ukutani, na kama una antena ya nje, ichomoe pia. Fanya hivyo radi ingali mbali. Ikiwa imekwisha kuwa karibu, usiguse waya wowote.

PILI, CHUMBA CHAKO

Sauti hutoka katika spika, ikagonga ukuta, sakafu na dari, kisha ikarudi. Nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti nyingi mno. Maneno ya wimbo huchanganyika kama watu wasemao wote kwa pamoja. Mwenye nyumba husema, "Spika hii ni mbovu," akaenda kununua nyingine, kumbe ubaya u katika chumba.

Dawa yake ni rahisi. Tandika mkeka au zulia. Tundika pazia zito au kitenge kwenye ukuta unaoelekeana na spika. Viti vyenye mito na rafu yenye vitabu pia husaidia. Usiweke spika pembeni kabisa mwa chumba, kwa maana kuta mbili zikikutana huzidisha sauti nzito mpaka ikafunika sauti ya mwimbaji. Isogeze mbele kidogo na kuiinua mezani, iwe sawa na masikio ya mtu aliyeketi. Ukiwa na spika mbili, ziache mbali kiasi kile kile unachokaa mbali nazo, wewe na spika mfanye pembe tatu. Hapo utasikia gita moja likitoka kushoto na jingine kulia, kama ulivyorekodiwa muziki wenyewe. Kazi yote hii haikugharimu shilingi nyingi.

TATU, SIKIO LAKO

Sasa twende dukani. Mwenye duka atapiga wimbo wake, aliouchagua kwa sababu una kishindo. Mwambie kwa upole, "Ndugu, naomba tupige wimbo wangu." Nenda na flashi au simu yenye nyimbo mbili au tatu unazozijua vema tangu mwanzo mpaka mwisho.

Wimbo wa kwanza na uwe wa dansi la zamani. Mkoa wa Kigoma una urithi mkubwa hapo. Marehemu Shem Karenga, aliyevuma na Tabora Jazz, alitokea Kigoma. Katika nyimbo za bendi za namna ile kuna gita la solo, gita la rithimu, gita la besi, ngoma na vyombo vya kupuliza. Sikiliza gita moja peke yake kwa muda, kisha uhamie jingine. Kama waweza kufuata kila gita bila kulipoteza, chombo ni kizuri. Kama unasikia besi tu na mengine yamezama, kiache.

Wimbo wa pili na uwe wa waimbaji wengi. "Leka Dutigite" wa mwaka 2012, ulioimbwa na wasanii wenye asili ya Kigoma, wafaa sana. Je, unaweza kutambua kila sauti ni ya nani? Wimbo wa tatu na uwe kwaya yako ya kanisani au kaswida, au ngoma ya nyumbani uliyoirekodi mwenyewe, kwa sababu sauti yake ya kweli unaijua.

Piga kwanza kwa sauti ya chini. Chombo kizuri husikika wazi hata kikisema polepole. Kisha pandisha mpaka kiasi utakachotumia nyumbani, na kupita kidogo. Sikiliza kama kuna mkwaruzo au mtetemo. Zungusha kila kitufe. Ukinunua kilichotumika, tazama kama ngozi ya spika imepasuka, na unuse kama kuna harufu ya kuungua. Mwisho dai stakabadhi na hati ya dhamana. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Usiruhusu unyemi ukufanye usahau karatasi.

Ikiwa utasikiliza redio zaidi, ijaribu redio yenyewe pia. Mawimbi ya FM huenda mstari ulionyoka, na kilima huyazuia. Mtu aliye bondeni anaweza kukosa kituo ambacho jirani yake wa juu anakipata vizuri. Uliza kama waweza kukichukua chombo kwa majaribio, au mtafute jirani mwenye redio ya namna ile. Tazama kama Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 huko Ngara, inaingia safi, pamoja na vituo vingine unavyovipenda. Redio yenye antena ndefu inayovutwa, au yenye tundu la antena ya nje, itakufaa kuliko ile yenye taa nyingi za kumetameta.

WIMBO WENYEWE

Chombo kizuri hakiwezi kutengeneza wimbo uliokwisha kuharibiwa. Nyimbo za simu na flashi hubanwa ili zichukue nafasi ndogo. Zikibanwa kupita kiasi, sauti nyembamba za matoazi na kayamba hugeuka kuwa kama mchanga unaomwagika. Kanuni ya kukumbuka ni hii: wimbo wa dakika 3 uliobanwa kwa kiasi huchukua karibu megabaiti 3, na ule uliohifadhiwa vizuri zaidi huchukua kama megabaiti 7. Ukiona wimbo wa dakika 3 una megabaiti 1 tu, usilaumu spika. Mwombe kijana anayekuwekea nyimbo akupe nakala bora, hata kama flashi itabeba nyimbo chache zaidi.

MASIKIO NA JIRANI

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asikilize sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma. Sauti ikipanda desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Huna haja ya kuwa na chombo cha kupimia. Kama ni lazima upaze sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, muziki umezidi. Sikio likiharibiwa na kelele halirudi kama lilivyokuwa, na jirani aliyenyimwa usingizi ni vigumu kumrudisha pia.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu nchini Tanzania vilikusanyika kuzunguka redio moja, wakasikiliza somo, kisha wakajadiliana. Redio zile nyingi zilikuwa ndogo, za betri kavu. Zilifaa kwa sababu maneno yalisikika. Hata leo kipimo ni kile kile: chombo chema ni kile unachokisikia wazi, unachoweza kukilisha umeme, na ambacho hakikunyang'anyi taa wala chakula.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Betri yako ya nyumbani ina wati-saa ngapi? Taa na simu zinakula kiasi gani, na muziki unabakiwa na kiasi gani?
2. Tazameni kibandiko cha chombo kimoja kilichopo hapa. Kinakula wati ngapi? Katoni yake ilisema wati ngapi?
3. Sogezeni spika kutoka pembeni mwa chumba na kuipandisha mezani. Ni nini kilichobadilika katika sauti?
4. Kila mmoja ataje nyimbo tatu atakazokwenda nazo dukani, na aeleze sababu.

Ndugu wasikilizaji, tumefika mwisho wa somo. Fanyeni hesabu zenu kabla ya siku ya soko, si baada yake. Kwaherini.