Maji Yakisha Kuingia Nyumbani

Mvua kubwa za Machi hadi Mei, 2024, ziliharibu nyumba nyingi kando ya mto Tana na mto Mathare, Nairobi. Maji yakipungua, mwenye nyumba hutamani kuingia upesi aokoe vyombo. Yafaa angoje. Ukuta wa udongo uliolowa huweza kuanguka hata jua likiwaka; basi aizunguke nyumba kwanza, atazame nyufa. Asiguse swichi ya umeme hali amesimama majini. Tena asifagie tope kabla ya kupiga picha za hasara na kumwita chifu au mzee wa kijiji ashuhudie. Mwenye bima na apeleke habari siku ile ile. Unga ulioguswa na maji hayo, ijapokuwa wauma moyo, utupwe, kwani huweza kuleta kipindupindu.