Kopo la Saa Sita Mchana

Mkojo wa kupimwa kichocho una saa yake. Mtu anaweza kuamka alfajiri, akajaza kopo, akafika kituo cha afya kabla ya wenzake wote, akaambiwa hana kitu, na hali kibofu chake kimejaa mayai ya minyoo. Mayai hayo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ndiyo maana mpimaji mzoefu huutaka mkojo wa saa sita, tena matone ya mwisho, na pengine humtuma mgonjwa kwanza azunguke uwanja mara mbili tatu.

Kwa mtu wa Palma, Quionga au Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini kabisa ya Msumbiji, ujuzi huo mdogo unaweza kuamua kama safari ya siku nzima imeleta jibu au imepotea bure. Na anayeukumbuka mara nyingi si mgonjwa. Mgonjwa kichwa kimemjaa aibu na hofu. Anayeukumbuka ni yule aliyekwenda naye, aliyekaa pembeni kwenye benchi, kamshikia kadi na chupa ya maji.

Maji ya nyuma ya mji

Mgeni huona ajabu kwamba watu wa bahari wanaugua ugonjwa wa mito na madimbwi. Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo uitwao Schistosoma haematobium, ambao daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliugundua mjini Cairo mwaka 1851. Mnyoo huo hauwezi kuendeleza kizazi bila konokono wa maji baridi. Katika maji ya chumvi konokono huyo hayupo. Lakini nyuma ya miji ya pwani kuna vijito, mabwawa na majaruba ya mpunga, na huko ndiko watu wanakolima, wanakofua na wanakoogeshea watoto. Mume anaweza kushinda baharini mwaka mzima akabaki salama, mkewe akaupata ugonjwa akipandikiza mpunga.

Mtu mwenye minyoo akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, hukaa humo wiki kadhaa wakizaana, kisha hutoka jua likipanda na kutafuta ngozi ya binadamu. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Ni kama mnyoo unajua ratiba ya watu: mayai yake hutoka mwilini mchana, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono mchana, saa zile zile watoto wanapochupa majini na wanawake wanapofua.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Kati ya 2011 na 2015, wataalamu wa afya na watafiti walikifuatilia kichocho katika vijiji 149 vya wilaya 10 za mkoa wa Cabo Delgado, ndimo ilimo miji hii, na kuwapima watu zaidi ya 80,000. Mwanzoni, karibu 6 katika kila 10 waliopimwa walikuwa nacho. Baada ya dawa kugawiwa kwa miaka kadhaa, idadi ilishuka hadi karibu 4 katika kila 10. Hiyo ni hatua kubwa, na bado ni watu wengi mno.

Kisha vikaja vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Watu walikimbia kwa mashua, kwa miguu, kupitia mikoko na misitu. Vituo vingi vya afya vilichomwa au vikabaki bila wahudumu, na kadi za matibabu zikapotea pamoja na nyumba. Aliyekuwa katikati ya tiba alijikuta kambini bila karatasi hata moja ya kuonyesha alipimwa nini na alipewa nini. Shahidi pekee aliyebaki naye ni mtu aliyemsindikiza siku ile.

Maneno yanayopotea njiani

Kiswahili kina adabu nyingi kwa viungo hivi. Mtu haendi kukojoa, anakwenda haja ndogo. Haumwi sehemu za siri, anaumwa chini ya kitovu. Adabu hiyo ni nzuri barazani, lakini mbele ya daktari ina gharama yake. Mgonjwa akisema "nasikia moto chini", na daktari anayezungumza Kireno akatafsiriwa kwamba tumbo linauma, atatibu tumbo.

Hapo ndipo rafiki anapohitajika kuliko wakati wote. Lugha ya hospitali ni Kireno, na wazee wengi wa Kimwani na wa Kimakonde hawaielewi vizuri. Anayesindikiza huwa mkalimani, atake asitake. Njia iliyo salama ni kukubaliana kabla ya kuingia ndani: tutasema damu kwa jina lake, tutasema ilianza lini, mwanzoni mwa mkojo au mwishoni, na usiku unaamka mara ngapi. Katika kichocho damu mara nyingi huonekana mwisho wa mkojo, kwa hiyo jibu la swali hilo moja humsaidia daktari sana. Ajuaye kuandika na ayaandike kwenye karatasi. Asiyejua, wayakariri wawili.

Si kila rafiki anafaa kuingia chumbani. Mwanamke hatazungumza mbele ya shemeji yake, na mzee hatafungua kinywa mbele ya kijana aliyemuoa binti yake. Anayechagua ni mgonjwa. "Shoga, nikae nje au niingie nawe?" ni swali fupi linaloondoa mzigo mzito, mradi jibu lolote lipokewe bila kununa.

Kuna aibu nyingine iliyo nzito zaidi. Sehemu nyingi, damu kwenye mkojo hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa zinaa. Kwa mvulana, wengine huiona kuwa dalili ya kubalehe na kuipuuza. Kwa mwanamke, mayai ya kichocho yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta maumivu, uchafu na kutokwa damu, na majirani wakaanza kuhesabu safari za mumewe. Inakadiriwa kwamba wanawake na wasichana hadi milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo. Wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo. Rafiki anayesema "hata maji ya jaruba huleta haya" anaweza kuiokoa ndoa kabla dawa haijamezwa.

Vipimo, kimoja kimoja

Hofu hukua pale mtu asipojua kinachomngoja. Kipimo cha kwanza hakina maumivu yoyote. Kijiti cha rangi huchovywa kwenye mkojo kuonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Kisha mililita 10 za mkojo huchujwa, na kichujio huwekwa chini ya hadubini. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mdogo kwenye ncha yake, na mpimaji aliyezoea hulitambua mara moja.

Ugonjwa ukishakaa miaka, huhitajika ultrasaundi, ambayo huko huitwa ekografia kwa Kireno. Mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu huzungukwa na makovu, ukuta ukawa mnene, na mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo ikabanwa. Kipimo hiki huhitaji kibofu kijae. Mgonjwa hunywa maji na kubana mkojo akisubiri zamu, jambo gumu kwa mtu ambaye kibofu chake hakina subira. Msindikizaji anaweza kumuuliza muuguzi foleni imefika wapi ili maji yanywewe wakati unaofaa.

Baadhi ya wagonjwa hufikishwa kwenye kipimo kinachoogopwa zaidi: mrija mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa kwenye njia ya mkojo ili daktari akione kibofu kwa ndani. Baada yake, mkojo huweza kuchoma na kuwa na damu kidogo kwa siku moja au mbili, na maji mengi husaidia. Lakini homa, mabonge ya damu, au mkojo kugoma kutoka si mambo ya kuvumilia nyumbani. Hapo ni kurudi hospitali, hata kama ni usiku.

Kipimo hicho kina sababu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuorodhesha mnyoo huu miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa sababu kichocho cha muda mrefu huweza kuzaa saratani ya kibofu. Si kila mwenye kichocho atafika huko, na wengi hawafiki. Ila mtu mzima anayeendelea kukojoa damu baada ya kutibiwa hastahili kupewa vidonge vile vile tena na tena bila kuchunguzwa. Vilevile si kila shida ya kibofu ni kichocho: kuna maambukizi ya bakteria, mawe, na kwa wanaume wazee kuna tezi dume.

Vipimo vikubwa haviko kila mahali. Kutoka Palma hadi hospitali ya mkoa mjini Pemba (mji wa Msumbiji, si kisiwa cha Zanzibar) ni zaidi ya kilomita 400 za barabara ambayo vita vimeifanya iwe ya kuogopwa. Wakati wa amani, wengine huvuka mdomo wa mto Ruvuma kwa mashua kutoka Namoto mpaka Kilambo, upande wa Tanzania, wakapanda gari kwenda Mtwara. Njia yoyote ile, nauli ni ya watu wawili, chakula ni cha watu wawili, na kuna watoto na kuku walioachwa nyumbani. Marafiki walio wengi wanaweza kugawana: mmoja anasafiri, mwingine analala na watoto, wa tatu anapalilia shamba.

Dar es Salaam kuna mfano wa jambo hili kupangwa rasmi. Hospitali ya CCBRT hutibu fistula, tundu linalotokana na uchungu wa uzazi uliokawia na kumfanya mwanamke avuje mkojo bila kukoma. Matibabu yalikuwa bure, lakini wanawake wa mbali hawakuja, kwa kuwa nauli haikuwapo. Kuanzia 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake huko mikoani, watu wanaowatafuta wagonjwa, wanawakatia tiketi na kuwapandisha basi. Balozi hupata malipo madogo mgonjwa akishafika. Kwa hiyo urafiki wa safari uliingizwa kwenye hesabu za hospitali, kama inavyohesabiwa dawa.

Vidonge vinne na bakuli la uji

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni rahisi kuieleza na si rahisi kuimeza. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa mara moja, vidonge vikubwa na vichungu. Akivimeza na njaa, tumbo humsokota na kichwa humzunguka zaidi. Kwa hiyo zawadi bora siku hiyo ni uji, wali au muhogo uliopikwa mapema. Mwezi wa Ramadhani vidonge huweza kuwekwa mpaka futari, na aliyezidiwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Kichefuchefu na kizunguzungu kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, na asiyeambiwa hivyo mapema hudhani kapewa sumu.

Dawa huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga, iliyoingia mwilini wiki chache tu zilizopita, huponyoka. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kupimwa tena baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hupotea. Maumivu yameisha, mvua imeanza, jaruba linasubiri. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi haina sauti. Mwenzake anaweza kuwa sauti hiyo.

Anaweza pia kubadilisha njia ya maji. Maji ya bwawa yakitekwa na kuachwa kwenye mtungi siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa, na maji hayo hufaa kuogea. Ndoo tatu zinazozunguka kwa zamu ni kazi ya kubeba, na kazi ya kubeba huwa nyepesi ikigawanywa. Zanzibar, ambako kichocho kimepungua sana, watu walijengewa sehemu za kufulia nje ya mito ili wasisimame majini, na wafuaji waliendelea kupiga soga kama zamani.

Lakini katika hesabu hii yote kuna mtu aliyesahaulika. Msindikizaji huyu amefua kwenye bwawa lile lile. Amepandikiza mpunga kwenye jaruba lile lile, ameoga akiwa mtoto penye konokono wale wale, na pengine anaamka usiku mara tatu bila kumwambia mtu. Muuguzi anayelijua eneo lake humgeukia na kumuuliza: "Na wewe, dada, umepima lini?" Anacheka kidogo, anatazama chini, kisha anaomba kopo. Saa sita ikifika, kwenye dirisha la maabara kuna makopo mawili, kila moja na jina lake, na mashoga wawili wanasubiri kwenye benchi moja.