Sindano Moja Iliyopimwa Thika
Wakazi wa Othaya wana haki ya kujivunia Hospitali ya Mwai Kibaki, tawi la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Lakini dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, hatua kubwa zaidi ya utafiti haihitaji jengo kubwa. Yatosha zahanati yenye jokofu na muuguzi. Utafiti wa KEN SHE, uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja tu ya chanjo dhidi ya kirusi cha HPV ilizuia asilimia 97.5 ya maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo.

Tangu Kenya ianze kuchanja wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, wapo wazazi wanaohofia ugumba. Hofu yao yastahili jibu, si kejeli: chanjo haina kirusi hai, mamilioni wamechanjwa duniani, na uhusiano na ugumba haujaonekana. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake. Wengine husema miezi 18 ya kwanza ya ufuatiliaji katika KEN SHE ilikuwa michache. Ni kweli, ndiyo maana washiriki walizidi kufuatiliwa, na kinga ikabaki imara hata baada ya miaka 3. Wala chanjo haifuti uchunguzi: mama wa miaka 40 kule Chinga au Mahiga, Othaya, bado anahitaji kupimwa, na akikutwa na dalili, hospitali ile kubwa iwe tayari kumpokea.